Saisi Hachagui Nambari

Farasi hukimbia Dabi mara moja tu maishani mwake. Baba alinifundisha hilo kabla sijajua kusoma. Mbio nyingine zinaweza kurudiwa mwaka baada ya mwaka, lakini Dabi ni ya farasi wa miaka mitatu peke yao. Akiwa na miwili hajakomaa, akifikisha minne amepitwa. Farasi akiikosa siku hiyo kwa sababu ya homa, au ya msumari uliomchoma kwato, hana mwakani. Baba alilisema jambo hili bila huzuni yoyote, kama mtu anayekwambia kwamba duka hufungwa saa kumi na mbili.

Alikuwa saisi, mtunza farasi, katika uwanja wa mbio wa Nairobi kwa zaidi ya miaka thelathini. Farasi hawakuwa wake, na wenye farasi hawakuwa watu wa mtaa wetu. Aliamka alfajiri akawalisha, akawasugua, akawatembeza, na siku ya mbio alimkabidhi farasi kwa mpandaji, kisha akabaki kando ya uzio ameshika kamba tupu. Picha za ushindi gazetini zilionyesha mwenye farasi, mke wa mwenye farasi na kikombe. Baba alionekana mkono tu, umeshika hatamu. Tuliikata picha moja ya namna hiyo tukaibandika ukutani, na wageni wakija mama aliwaonyesha kwa kidole: huo mkono ni wake.

Utaalamu wake ulikuwa miguu. Alimchua farasi kwa kitako cha kiganja, kuanzia juu ya kwato kupanda hadi gotini, polepole, huku akipitisha pumzi katikati ya meno: ssss, ssss. Masaisi wa zamani wote walikuwa na sauti hiyo. Walisema inamtuliza mnyama na inamzuia mtu asimeze vumbi. Sisi watoto tulipougua alituchua miguu vilevile, kwa sauti ileile, nasi tukapata usingizi. Farasi akishakuamini, alisema, atakuinulia mguu kabla hujamwomba.

Niliyabeba hayo hadi Amerika bila kujua kwamba nimeyabeba.

Miaka ile ya 2010 nilikuwa napanga Inver Grove Heights na kufanya kazi Maplewood, katika nyumba ya kutunzia wazee. Wakenya tulikuwa wengi pale, tukajuana kwa zamu kuliko kwa majina: huyu wa asubuhi, yule wa wikendi. Mimi nilikuwa msaidizi wa wauguzi. Niliogesha, nililisha, niligeuza watu vitandani wasiote vidonda. Pembeni nilisomea unesi, na katika mwaka ninaousimulia nilikuwa nimemaliza darasa, nimebakiza mtihani wa leseni. Uliwekwa Jumanne moja mapema mwezi wa Mei.

Mwisho wa korido alikaa mzee mmoja Mzungu ambaye hakuna aliyetaka kupangiwa. Alikuwa na kisukari, miguu imevimba na kugeuka rangi ya zabibu, na mdomo wake ulikuwa mchafu kuliko choo cha stendi. Alimrushia dada mmoja wa kwetu sahani ya mayai. Basi, miaka michache kabla ya mtihani huo, akapewa mimi, kwa kuwa mimi ni mwanamume na, walisema, nina roho ngumu. Siku ya kwanza alinitukana mpaka nikamaliza kumpaka mafuta. Siku ya pili, nikimchua mguu wa kushoto, alinyamaza ghafla katikati ya tusi.

"Nani amekufundisha kuchua hivyo?" akauliza.

Nikamwambia sijui anasema nini, nachua tu.

"Unapiga ile sauti," akasema. "Hivyo ndivyo anavyochuliwa farasi. Baba yako ni nani, wewe?"

Sikuwa nimejisikia kabisa. Nilikuwa nikimpigia ssss, ssss mgonjwa wa kisukari katikati ya Maplewood. Nikamweleza. Naye akaniambia kwamba amekuwa saisi tangu akiwa na miaka kumi na minne, akifuata farasi kutoka uwanja mmoja hadi mwingine kule kusini, na mwisho hapa kwetu Shakopee, mpaka mgongo ulipomshinda. Tangu siku hiyo hakunitukana tena, ila kwa mapenzi. Nikiingia tu, mguu ulishatoka chini ya blanketi.

Kila Jumamosi ya kwanza ya Mei Wamarekani hukimbiza Dabi yao kubwa kusini, na mimi na baba tulikuwa na desturi yetu ya siku hiyo. Asubuhi, saa mbili kwetu na saa kumi jioni kwake, nilimpigia simu. Wiki nzima nilikuwa nimetazama picha za farasi wakifanya mazoezi. Sasa nilimsimulia mmoja mmoja: huyu kifundo cha mbele kimesimama wima mno, huyu anatupa mguu wa nyuma nje kidogo, huyu anatembea kama mama mwenye nyumba. Nilikatazwa kumtajia jina la farasi, mpandaji au nambari. "Jina anapewa na tajiri," baba alisema, "nambari anapewa na karani. Miguu amepewa na Mungu." Alisikiliza, akauliza maswali ya kuudhi, akanirudisha nyuma kama mwalimu, kisha akatoa uamuzi: yule wa kifundo kirefu. Hakushinda mara nyingi. Ila farasi wake hakuna hata mmoja aliyewahi kuvunjika, na kwake hilo ndilo lilikuwa jambo.

Mwaka ule, tangu katikati ya Aprili, sikumpata baba kwenye simu. Dada yangu, ambaye ndiye aliyebaki naye, ndiye aliyepokea. Baba ameenda kanisani. Baba anaoga. Baba amelala. "Ni pressure tu imepanda kidogo," akaniambia. "Ako sawa. Wewe soma, umalize exam kwanza."

Niliuliza mara moja kama nije. Tiketi ilikuwa inapatikana, karatasi zangu zilikuwa sawa, sikuwa na kizuizi chochote ila huo mtihani. Dada akacheka. "Uje kufanya nini? Uje umwangalie akilala?"

Mtu wa kwetu akikwambia mgonjwa hajambo, mara mbili, bila wewe kuuliza, jua hali ni mbaya. Nilijua hivyo tangu utotoni. Kwetu aliye mbali hapewi habari mbaya; anafichwa mpaka watu wapatikane wa kumshika. Nimewahi kuwa mmoja wa hao watu. Nimewahi kukaa sebuleni kwa mtu hukuhuku Amerika, kule Anoka, nikinywa chai yake, nikimsifu mtoto wake, huku najua kwamba mama yake amekufa na kwamba tunamngoja mchungaji afike. Kwa hiyo nisije nikasema sikujua mchezo unavyochezwa.

Jumamosi ya Dabi nilipiga simu kama kawaida, nimekaa ndani ya gari langu nje ya kazini, zamu haijaanza. Theluji chafu ya mwisho ilikuwa bado imerundikana ukingoni mwa maegesho. Dada akapokea kwa sauti ya chini.

"Mzee ako?"

"Ako. Hana nguvu ya kuongea leo. Lakini soma hao farasi, nimemwekea simu kwa sikio."

Nikasoma. Nilisimulia farasi ishirini, mguu kwa mguu, kwa dakika karibu arobaini. Hakunikatiza. Hakusema "rudia huyo." Hakuuliza upande wa ndani wa goti. Nilipomaliza nikangoja, nikasikia vyombo vikigongana mbali, kama kitoroli kinapita.

"Anasema saba," dada akasema.

"Saba?"

"Eeh. Namba saba."

Nikasema sawa, mwambie nitampigia nikitoka kwa exam. Nikakata haraka, haraka kuliko adabu. Nilikaa garini mikono ikiwa kwenye usukani, na ninakumbuka vizuri nilichokuwa nafanya: nilikuwa najieleza. Pengine amechoka. Pengine uzee. Pengine dada amefupisha maneno. Mtu akitaka kujidanganya hahitaji msaidizi.

Alasiri ile nyumba ya wazee ilipambwa. Akina mama walivalishwa kofia za karatasi zenye maua, kama zile za matajiri wanaotazama Dabi jukwaani, wakapewa juisi yenye majani ya mnanaa, na nusu yao wakalala kabla farasi hawajatoka. Mzee wangu alikataa kofia. Alitaka tutazame chumbani kwake, wawili, na mguu wake mapajani mwangu.

"Baba yako amechagua yupi?" akaniuliza. Alikuwa akiniuliza kila mwaka.

"Saba."

Akageuza uso kutoka kwenye televisheni. "Saba ni yupi?"

"Namba saba."

"Nimeuliza miguu ikoje."

Nikamwambia baba hakusema miguu. Amesema namba saba.

Yule mzee akanyoosha kidole kwenye televisheni. Farasi walikuwa wakitembezwa mbele ya watu, wanang'aa, kila mmoja na saisi wake pembeni. "Saisi hachagui nambari," akasema. "Ulimsikia kwa masikio yako?"

"Dada yangu amenipa ujumbe."

"Basi dada yako ndiye aliyechagua. Baba yako hawezi kusema, au hayupo. Farasi akianguka uwanjani unajua wanachofanya. Wanaleta pazia, wanalishika watu wanne, ili wenye kofia kule jukwaani wasione akimalizwa. Sasa wewe umesimama upande wa kofia. Nenda nyumbani, kijana. Nenda leo."

Nilikasirika. Nina hasira za karibu, na siku ile zilinitoka zote. Nilimwambia hajui lolote kuhusu watu wangu. Nilimwambia ana binti hapa hapa Saint Paul, mwendo wa dakika ishirini, na haji hata Krismasi, kwa hiyo asinifundishe habari za baba na mtoto. Nilimwambia nina mtihani Jumanne. Nikauweka mguu wake kitandani, si kwa upole, nikasimama mlangoni mpaka mbio zikaisha. Ni dakika mbili tu. Namba saba alimaliza katikati, si wa mbele wala wa nyuma.

Mzee alichukua rimoti. Alizima televisheni kabla mshindi hajavishwa maua.

Nilipotoka kazini jua lilikuwa bado juu. Nilisimama kwenye kituo cha mafuta kabla ya daraja la Mississippi nikafungua simu nitazame ndege. Kulikuwa na moja ya jioni ile, kupitia Amsterdam. Ningefika Nairobi Jumapili usiku. Kidole changu kilikuwa juu ya kioo. Nilifikiria mtihani, nikafikiria miaka minne ya kusoma na macho yamevimba, nikafikiria baba mwenyewe angesemaje nikitokea mlangoni bila leseni. Nikaifunga simu, nikaweka mafuta, nikaenda nyumbani kusoma dozi za dawa. Hakuna aliyenidanganya pale kituoni. Nilikuwa peke yangu.

Jumatatu nilikuwa na zamu fupi ya asubuhi. Dada mmoja Mkenya wa zamu yetu, yule aliyerushiwa mayai, alinikumbatia kwenye korido bila sababu. "Kesho utapita tu, Mungu ako na wewe," akasema, akaondoka haraka. Nikadhani ni wema.

Jumanne nilifanya mtihani. Nilijibu maswali kwa utulivu ambao hadi leo unanitisha. Nilitoka saa tisa, nikaendesha hadi nyumbani, na nilipokunja kona ya maegesho yetu nikaona magari sita ya watu wa kanisani, yamepangwa vizuri, mwezi wa Mei, siku ya kazi. Mchungaji alikuwa amevaa suti. Mwanamume niliyepanga naye alikuwa amewafungulia, na harufu ya chapati ilikuwa imefika kwenye ngazi. Nilizima injini nikabaki nimekaa. Nilitaka kurudisha gari nyuma niondoke. Niliona pazia la dirisha langu likisogea, kisha likarudi.

Niliingia. "Bwana asifiwe," wakasema. Nikaitikia. Wakaniuliza exam ilikuwa aje. Nikasema sawa. Wakaniuliza kama nimekula. Mwanamke mmoja akaniwekea sahani, na mimi, kwa heshima ya desturi, nikakata kipande cha chapati nikakishika mkononi huku mchungaji akiomba, sala ndefu ya kuzunguka, isiyotaja mtu. Nilitaka kumfokea aseme. Niliitikia amina. Kisha wanaume wawili wakaja kukaa kulia na kushoto kwangu, wamenigusa mabega, nami nikajua kwamba mimi ndiye niliyekalishwa sasa.

"Kijana wetu," mchungaji akasema, "mzee amepumzika. Jana, saa sita mchana, saa za kule."

Jumatatu adhuhuri. Ningekuwa nimefika na nusu siku juu yake. Watu wote wale sebuleni walikuwa wamejua kwa siku moja na nusu, na yule dada aliyenikumbatia kwenye korido alikuwa pale jikoni anakaanga, hanitazami. Sikumlaumu. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema tufanye nini na yule aliyefichwa akajua na akanyamaza.

Nilisafiri, tukamzika wiki iliyofuata. Jeneza nililishika kwa mikono miwili, na masaisi wazee watatu walikuja na kofia zao kifuani. Baada ya watu kutawanyika nilimkuta dada jikoni anasugua sufuria, nikamuuliza jambo moja tu.

"Kwa nini saba?"

Hakujifanya hajaelewa. Aliacha sufuria. Akasema baba alipata kiharusi katikati ya Aprili, wiki ileile nilipoanza kumkosa kwenye simu, na siku ile ya kwanza bado alikuwa na maneno kidogo. Maneno hayo aliyatumia kusema nisiambiwe. Aliye mbioni haitwi jina, asije akageuza kichwa, akasema, na baada ya hapo ulimi ukafunga.

"Siku ile ulisoma, alikuwa anasikia kila kitu," dada akasema. "Machozi yalikuwa yanamtoka, nikimpanguza yanatoka tena. Ukamaliza, ukanyamaza. Ulikuwa unangoja. Na yeye alikuwa ananiangalia nijibu. Mimi najua nini ya farasi? Nikainua macho, nikaona namba ya kitanda chake hapo wodini imeandikwa kwa ukuta. Nikasema hiyo."

Akaniuliza kama nimekasirika. Nikasema hapana. Alikuwa ameshika pazia peke yake kwa wiki tatu, na mikono ilikuwa imemchoka.

Nilirudi Maplewood mwisho wa Mei. Matokeo yalikuwa yameshanifikia kwenye simu nikiwa bado matangani: nimefaulu. Wenzangu walininunulia keki, na juu yake waliandika hongera, na chini, kwa herufi ndogo, pole. Bado ilikuwa keki nzuri, niliila.

Mzee wa mwisho wa korido alikuwa amedhoofika. Walikuwa wamemkata vidole viwili vya mguu wa kulia nilipokuwa sipo, na hakuwa amevaa meno. Nilichelewa kwenda kwake siku ile. Niliwaogesha wengine wote kwanza. Nilipoingia na chupa ya mafuta hakuna mguu uliotoka chini ya blanketi. Alikuwa ameelekea ukutani.

"Uliwahi?" akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa. Njiani, kutoka nyumbani hadi pale, nilikuwa nimetunga jibu zuri: kwamba nilimkuta, kwamba alinishika mkono, kwamba aliniuliza miguu ya mshindi ilikuwaje. Ni jibu ambalo angelipenda, na kwetu mgonjwa hupewa jibu analolipenda. Nilifungua mdomo nikashindwa kuusema huo uongo.

"Sikuwahi," nikasema. "Alikufa Jumatatu. Ningeondoka siku ile uliponiambia, ningemkuta."

Alivuta blanketi hadi shingoni. Nikaanza kugeuka niende. Ndipo blanketi likasogea, na mguu ukatoka, ule mbaya, wenye bandeji.

Nikakaa, nikamimina mafuta, nikaanza juu ya kifundo kupanda juu, kwa kitako cha kiganja, kama nilivyofundishwa. Nilijaribu kupiga ile sauti. Haikutoka. Nikajaribu tena, na kilichotoka ni kilio, kilio cha mtu mzima, kile ambacho sikulia sebuleni kwangu wala kaburini. Mikono haikuacha kuchua. Na yule mzee, bila kugeuka kutoka ukutani, bila meno, akaanza kunipigia yeye: ssss, ssss, pole pole, mpaka nikatulia.